Tarakimu Inayojikana: Kusoma Kipimo cha BogoMIPS katika Daftari la Uwashaji wa Kompyuta

1. Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na mkutano. Idara moja ya lugha ninayoifahamu vizuri ilikuwa na kanda nyingi za masimulizi yaliyorekodiwa katika Kiswahili cha Kongo, nayo ilitaka kompyuta za kuyaandikia masimulizi hayo, kuyahesabia maneno, na hatimaye kuyatolea faharasa ya msamiati. Mbele ya kamati ziliwekwa mashine za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya gigahezi 2.4. Ya pili ilikuwa Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayoenea katika kiganja cha mkono, ambayo hutumia umeme mdogo kiasi cha kuweza kutegemea paneli ya jua na betri siku ambazo umeme wa mji umekatika. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa siku hizo ni nyingi kiasi gani.

Mjumbe mmoja, mtu makini asiyependa kununua kitu kwa maneno ya muuzaji, aliziwasha mashine zote mbili chini ya mfumo wa Linux, akanakili tarakimu moja kutoka katika daftari la uwashaji la kila mashine. Ile ya mezani iliandika 4800.00, ile ndogo iliandika 108.00. Akagawanya, akapata zaidi ya mara 44. Hakuna aliyeuliza swali. Mkutano ulipokwisha, mashine ndogo ilikuwa imeondolewa katika orodha, na pamoja nayo lilikuwa limeondoka tumaini la kufanya kazi siku za giza. Mimi pia niliinua mkono pamoja na wengine.

Tunakusudia kuonyesha kwamba tarakimu zile mbili zilikuwa sahihi, na kwamba hata hivyo uamuzi uliojengwa juu yake haukuwa na msingi. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la wahandisi tu. Sisi tunaona kwamba ni la wanaisimu pia, kwa sababu kosa lililofanyika lilikuwa kosa la usomaji. Tarakimu iliyoandikwa na mashine ni kauli, nayo kauli haieleweki mpaka ijulikane nani anayesema, anamwambia nani, na kwa haja gani.

2. Mstari wenyewe

Kompyuta inapowashwa, kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani ile sehemu ya ndani inayogawa kumbukumbu, muda wa prosesa na matumizi ya vifaa, huandika hatua zake moja baada ya nyingine: prosesa iliyokutwa, kumbukumbu iliyopatikana, diski zilizotambuliwa. Mfululizo wa mistari hiyo ndio tunaouita daftari la uwashaji. Katika Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, msomaji wa miaka ya 1990 alikutana mapema na mstari wa namna hii:

Calibrating delay loop... 33.18 BogoMIPS

Kwa Kiswahili tungeweza kusema: «Ninasawazisha kitanzi cha kusubiria... BogoMIPS 33.18.» Tuutazame mstari huu kama tunavyotazama sentensi yoyote. Kuna tendo, nalo ni kusawazisha, kama fundi anavyosawazisha mizani kabla ya kupima. Kuna kitu kinachotendwa, nacho ni kitanzi. Na kuna sifa ya kitu hicho, kwamba ni cha kusubiria. Neno «kasi» halimo. Neno «nguvu» halimo. Mjumbe wetu aliliongeza yeye mwenyewe neno «kasi» wakati wa kusoma, nasi tukalipokea kana kwamba limeandikwa.

3. Kitanzi cha kusubiria na kazi yake

Kitanzi, katika lugha ya waandishi wa programu, ni kundi la amri linalorudiwa tena na tena. Katika kompyuta za jamii ya Intel, kitanzi tunachokizungumzia kilikuwa na amri mbili tu. Ya kwanza hupunguza moja kutoka katika idadi fulani. Ya pili huirudisha prosesa kwenye amri ya kwanza ikiwa idadi hiyo haijafika mwisho. Hakisomi chochote kutoka katika kumbukumbu, hakijumlishi hesabu yoyote ya maana, hakiandiki neno. Kinapoteza muda, na kupoteza muda ndiyo kazi yake.

Kwa nini mfumo uhitaji kupoteza muda? Kwa sababu vifaa vinavyozunguka prosesa ni vizito kuliko prosesa yenyewe. Programu inayoendesha kifaa fulani hupeleka amri, kisha yapaswa isubiri mikrosekunde chache, yaani sehemu chache za milioni za sekunde, kabla ya kusoma jibu. Ikisoma mapema mno, itasoma upuuzi. Sasa, saa ya ndani ya kompyuta hizo ilikuwa ikilia mara 100 tu kwa sekunde chini ya Linux. Kati ya mlio na mlio zilipita mikrosekunde 10,000. Kumwambia mtu asubiri mikrosekunde 10 kwa kutumia saa ya namna hiyo ni sawa na kumwambia achemshe yai kwa kutazama kalenda.

Ufumbuzi ulikuwa rahisi. Mfikirie mtu asiye na saa ya mkononi, akaaye karibu na kengele inayolia kila baada ya dakika kumi. Akihesabu kimoyomoyo kutoka mlio hadi mlio na kufika 900, basi amejua kwamba kwa dakika moja ahesabu hadi 90, na kwa nusu dakika hadi 45. Amejisawazisha mwenyewe. Kiini cha Linux kilifanya vivyo hivyo. Kilianza na mizunguko 4,096 ya kitanzi, kikaangalia kama imekwisha kabla ya mlio unaofuata. Ikiwa imekwisha, kilizidisha kwa mbili, 8,192, 16,384, na kuendelea, mpaka mlio utangulie. Baada ya hapo kilirudi nyuma kidogo kidogo hadi kuipata idadi iliyo karibu na kweli.

Kwa mashine ya 486 DX2 ya megahezi 66, idadi hiyo ilikuwa kama mizunguko 165,900 kati ya mlio na mlio. Zidisha kwa milio 100, utapata mizunguko 16,590,000 kwa sekunde. Kwa kuwa kila mzunguko ulihesabiwa kuwa amri mbili, kiini kiligawanya kwa 500,000 ili kupata mamilioni ya amri, na jibu likawa 33.18.

Hapo msomaji ameiona siri yote. Mtu wetu wa kengele aliyefika 900 si lazima awe mlimaji hodari kuliko jirani yake aliyefika 600. Ametuambia jinsi anavyohesabu. Hatujamwona akishika jembe.

4. Makopo yasiyolingana

Kila atumiaye soko anajua kwamba unga hupimwa kwa kopo, ambalo watu wa Lubumbashi huliita meka. Ajuaye soko anajua pia kwamba haitoshi kuuliza bei ya meka. Sharti kwanza kuitazama meka yenyewe, kwa maana ziko ambazo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani. Makopo kumi ya mwuzaji mmoja hayawi lazima makopo kumi ya mwingine.

Kipimo cha BogoMIPS ni hesabu ya makopo bila kuliangalia kopo. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Megahezi 66 ni mapigo milioni 66 kwa sekunde. Lakini mapigo yanayohitajika kukamilisha mzunguko mmoja wa kitanzi hutofautiana baina ya prosesa na prosesa. Tutazame mifano minne, kwa matoleo ya Linux ya miaka hiyo:

— 486 DX2 ya mwaka 1992, megahezi 66: mapigo 4 kwa mzunguko, BogoMIPS karibu 33.
— Pentium ya mwaka 1994, megahezi 75: mapigo 5 kwa mzunguko, BogoMIPS karibu 30.
— Pentium ya mwaka 1996, megahezi 166: mapigo 5 kwa mzunguko, BogoMIPS karibu 66.
— Pentium MMX ya mwaka 1997, megahezi 166: pigo 1 kwa mzunguko, BogoMIPS karibu 332.

Linganisha mstari wa kwanza na wa pili. Mtu mwenye 486 aliyenunua Pentium ya megahezi 75 aliona tarakimu yake ikishuka kutoka 33 hadi 30, akadhani amepunjwa. Kumbe amepata prosesa yenye njia mbili za kutekeleza amri kwa pamoja, yenye mlango mpana zaidi wa kuingilia kumbukumbu, na iliyo bora kwa mbali katika hesabu za desimali. Katika kazi karibu zote aliongeza kasi. Ni katika kazi ya kutofanya kitu tu ambapo alipungukiwa.

Sasa linganisha mstari wa tatu na wa nne. Mapigo ni yaleyale, megahezi 166. Tarakimu imeruka mara tano. Pentium MMX ilikuwa na kumbukumbu ya ndani iliyoongezwa kutoka kilobaiti 16 hadi 32, na njia bora zaidi ya kubashiri ni amri gani itakayofuata. Ubashiri huo ndio uliokifaa sana kitanzi chetu, ambacho hakina jambo jingine ila kurudi mwanzo. Faida katika kazi za kweli ilikuwapo, ila haikukaribia mara tano.

Yafaa kuongeza kwamba hata MIPS yenyewe, bila kiambishi chochote, ilikwisha kutiliwa shaka kabla ya Linux kuzaliwa. Kirefu chake ni «mamilioni ya amri kwa sekunde». Kwa muda mrefu kompyuta ya VAX-11/780, iliyotolewa na kampuni ya Digital mwaka 1977, ilichukuliwa kuwa ndiyo MIPS moja, na nyingine zikapimwa kwayo. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba mashine hiyo ilitekeleza kama nusu milioni ya amri zake kwa sekunde. Tena amri moja ya mashine fulani yaweza kufanya kazi ya amri tatu za mashine nyingine. Ni kama kulinganisha lugha mbili kwa kuhesabu maneno. Kiswahili husema «hatutawaonyesha» kwa neno moja, na Kifaransa hutumia maneno matano: «nous ne leur montrerons pas», ambayo hata hivyo yanaacha nje kile kinachoonyeshwa. Hakuna mwanaisimu atakayehitimisha kwamba Mfaransa amesema mambo mara tano zaidi. Kutokana na matatizo ya aina hiyo liliundwa mwaka 1988 shirika la SPEC, ambalo hupima kompyuta kwa kuzipa programu za kweli kuzitekeleza.

5. Kitanzi kisichopimwa tena

Mpaka hapa tumezungumzia wakati ambapo kitanzi kilipimwa kweli. Msomaji afunguaye daftari la uwashaji la kompyuta ya leo atakuta kwamba mstari umebadilika. Unasema waziwazi kwamba upimaji wa kitanzi umerukwa, na kwamba thamani imekokotolewa kutokana na mapigo ya saa. Sababu ni kwamba prosesa za sasa zina kihesabio cha mapigo kinachoweza kusomwa moja kwa moja. Kiini hakina haja tena ya kuhesabu kimoyomoyo, maana kimepewa saa ya mkononi.

Katika kompyuta za jamii ya Intel, kihesabio hicho huenda kwa mwendo usiobadilika, ambao kwa kawaida ni ule ulio karibu na mapigo yaliyotangazwa ya prosesa. Kiini huuzidisha mwendo huo kwa mbili na kuandika jibu. Ndiyo maana mashine ya gigahezi 2.4, yaani megahezi 2,400, iliandika 4800.00. Prosesa hiyo ikipunguza mwendo ili kuokoa umeme, tarakimu haishuki. Ikiongeza mwendo kwa muda mfupi kazi inapozidi, tarakimu haipandi. Aidha, karibu na BogoMIPS huandikwa herufi lpj pamoja na idadi nyingine kubwa, ambayo ni mizunguko kati ya mlio na mlio. Idadi hiyo nayo hubadilika kwa jinsi kiini kilivyotengenezwa: kwa mashine ileile itakuwa 9,600,000 ikiwa milio ni 250 kwa sekunde, na 2,400,000 ikiwa milio ni 1,000. Asiyejua atadhani kompyuta yake imepoteza robo tatu ya nguvu kwa sababu ya kubadilishiwa toleo la Linux.

Tuje sasa kwenye mashine ndogo. Raspberry Pi 4, iliyotolewa mwaka 2019, ina prosesa ya jamii ya ARM yenye viini vinne vya gigahezi 1.5. Lakini saa ambayo Linux huitumia kwa kusubiri katika mashine hiyo ni nyingine kabisa, imetengwa na prosesa, nayo huenda kwa megahezi 54. Zidisha kwa mbili: 108.00. Tarakimu hiyo haijaigusa prosesa hata kidogo. Ni mwendo wa saa ya ukutani.

Ushahidi ulio wazi zaidi hupatikana tukizitazama ndugu za mashine hiyo. Raspberry Pi 400 ya mwaka 2020 huenda kwa gigahezi 1.8, na daftari lake husema 108.00. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 ina prosesa ya kizazi kipya zaidi, ya gigahezi 2.4, na daftari lake husema 108.00. Mashine tatu zisizolingana, tarakimu moja. Na anayeshikilia kwamba tarakimu hiyo ni kasi itambidi akubali pia kwamba Pentium MMX ya mwaka 1997, yenye 332, inaishinda mara tatu kompyuta ya mwaka 2023. Hakuna atakayekubali, na akikataa hapo, ni lazima akatae na ile mara 44 ya kamati yetu.

Kuna mstari mwingine unaopoteza watu. Mwishoni mwa kuamsha prosesa zote, Linux hujumlisha BogoMIPS zake na kuandika jumla. Mashine yenye viini viwili, ambayo kila kimoja kimeruhusiwa kupokea kazi mbili kwa zamu, huhesabiwa kuwa na prosesa nne. Kwa mfano wetu jumla itakuwa 19200.00. Wapishi wawili wenye mikono minne hawajawa wapishi wanne, lakini daftari limeihesabu mikono.

6. Jina na onyo lililopotea

Mtu aweza kuuliza kwa haki: ikiwa mwandishi wa Linux alijua haya yote, mbona hakuonya? Jibu ni kwamba alionya, tena katika jina lenyewe. «Bogo» ni ufupisho wa neno la Kiingereza «bogus», lenye maana ya kitu cha uongo, kisicho halali. Historia ya neno hilo yavutia: mwanzoni mwa karne ya 19, huko Marekani, lilitumiwa kwa mashine ya kutengenezea sarafu za uongo. BogoMIPS basi ni MIPS zilizojitangaza zenyewe kuwa ni sarafu za uongo. Ni nadra kukuta kipimo kinachojikana kwa uaminifu namna hiyo.

Lakini onyo hilo husikika na ajuaye Kiingereza cha mitaani tu. Likiingia katika lugha nyingine, neno hubaki na sauti yake na kupoteza maana yake. Ndivyo yanavyotendeka maneno mengi ya mkopo. Niliwauliza wanafunzi wangu «bogo» ni nini. Mmoja alidhani ni jina la mtu, kama volti na wati zilivyotokana na majina ya watu. Mwingine, kwa njia ya Kifaransa, alikumbuka «bogue», yaani kosa lililomo katika programu. Waliobaki walisema ni neno la kitaalamu, na kwa kuwa ni la kitaalamu ni la kuheshimiwa. Hapo ndipo onyo linapogeuka kuwa cheo.

Hata wenyeji wa Kiingereza hawakuokoka. Mwaka 2013 kipimo hiki kiliondolewa katika maelezo ambayo Linux huyatoa juu ya prosesa za ARM, kwa sababu kiliwachanganya watu bila kuwafaa. Mwaka 2015 kilirudishwa. Ziligundulika programu zilizokuwa zikiisoma tarakimu hiyo na kushindwa kufanya kazi zisipoiona. Tarakimu isiyosema kitu ilikuwa imekwisha kupata wategemezi, na mwenye wategemezi haondolewi kwa urahisi.

Je, tuiiteje kwa Kiswahili? Tunapendekeza «MIPS bandia». Neno «ghushi» lingefaa kwa sarafu, lakini linabeba nia mbaya ya mghushi, na hapa hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. «Bandia» ina upana unaohitajika. Tunasema «noti bandia», ambayo ni hila. Tunasema pia «mtoto wa bandia», ambaye hamdanganyi msichana anayecheza naye. Humdanganya mgeni aliyemwona kwa mbali. Kiini cha Linux kinacheza na bandia wake kikijua ni bandia. Wageni ni sisi.

7. Namna ya kusoma

Kutokana na tuliyoyaeleza, tungependa kutoa mashauri machache kwa wenzetu wa idara za lugha wanaolazimika kuchagua mashine bila kuwa wahandisi.

Kwanza, usilinganishe BogoMIPS za prosesa za jamii mbili, wala za vizazi viwili vya jamii moja. Matumizi halali ya kipimo hiki yalikuwa ya mashine moja kujilinganisha na nafsi yake. Katika miaka ya 1990, tarakimu ikishuka ghafula katika kompyuta ileile, ilimwambia mwenyewe kwamba kumbukumbu ya ndani imezimwa au kitufe cha kuongeza mwendo kimeachwa. Siku hizi, kwa kuwa tarakimu hukokotolewa tu, hata faida hiyo imekwisha kwa sehemu kubwa.

Pili, uwe mwangalifu vilevile na idadi ya megahezi. Kampuni ya AMD iliuza mwaka 2001 prosesa iliyoitwa Athlon XP 1800+, na mapigo yake ya kweli yalikuwa megahezi 1,533. Aliyeliona daftari likiandika 1,533 alidhani ameibiwa; kumbe 1800+ lilikuwa jina la biashara lenye kudokeza ulinganisho, na prosesa ilikuwa nzima. Hapa daftari lilisema kweli, na kisanduku ndicho kilichopotosha.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ipe mashine kazi yako. Chukua faili la masimulizi, liendeshe katika programu utakayoitumia kila siku, upime muda. Linux ina amri iitwayo time, ambayo ikitangulizwa mbele ya amri nyingine huandika muda uliopita kwa saa ya ukutani na muda ambao prosesa ilishughulika kweli. Rudia mara tatu, maana mara ya kwanza mashine husoma kutoka katika diski na mara zinazofuata hukuta mengi yamo katika kumbukumbu. Tarakimu utakayoipata haitakuwa na jina la kigeni, lakini itajibu swali uliloliuliza.

Nne, andika katika ripoti si tarakimu tu, bali pia mahali ilikotoka na kilichopimwa. Sisi tusioruhusu mwanafunzi kutaja neno la lahaja bila kusema lilisikika wapi na kwa nani, tusiruhusu tarakimu iliyotoka hewani.

8. Tamati

Baada ya kusoma mambo haya niliazima mashine zote mbili kwa siku mbili, nikazipa kazi ileile ya kuhesabu maneno na kupanga msamiati wa masimulizi tuliyokwisha kuyaandika. Kompyuta ya mezani ilitangulia, sikushangaa. Lakini ile ndogo haikuachwa mara 44, wala haikukaribia kuachwa hivyo. Tofauti ilikuwa ya kumaliza kikombe cha chai, na kwa kuandika masimulizi, ambako anayechelewa ni mwandishi na si prosesa, sikuiona tofauti yoyote. Swali ambalo kamati ingepaswa kulijadili lilikuwa hili: je, kikombe cha chai kina thamani kubwa kuliko siku nzima bila umeme? Huenda wajumbe wangegawanyika. Lakini wangegawanyika juu ya jambo lenyewe.

Niliwasilisha maelezo haya kwa kamati. Mjumbe yule makini ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali, akaomba muhtasari wa mkutano usahihishwe. Mashine za mezani zilikuwa zimekwisha kulipiwa. Zimefika, na zinafanya kazi vizuri umeme ukiwapo. Kwa ununuzi unaofuata imekubaliwa kwamba kila mashine itapewa kwanza saa moja ya kanda zetu. Wakati huohuo kanda zinasubiri, na kanda za sumaku hazisubiri bila kuchakaa. Wazee waliozungumza ndani yake walisema maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Itakuwa aibu kwetu, watu wa lugha, tukiyapoteza kwa kushindwa kusoma mstari mmoja.